Mnazi wa saa sita, divai ya miaka sita

Haya wasomaji, leo naomba tuweke tarakilishi pembeni kidogo. Wale mliozoea kuja hapa kutafuta maelezo ya hifadhidata na programu huria mnivumilie, wiki ijayo tutarudi huko. Leo nataka kuzungumzia kinywaji. Najua wengi wenu hamnywi kileo, kwa dini au kwa hiari, na nyumbani Garsen marafiki zangu wengi wako hivyo pia. Msiwe na wasiwasi, sitamshawishi mtu kunywa. Habari yenyewe ni ya kemia, ya miti na ya sheria, na mwishoni kuna swali la kiufundi ambalo hata asiyeonja tone anaweza kunisaidia kulijibu.

Swali lilianza kwa simu. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye sayansi ya tarakilishi ana kipaji cha kunusa biashara. Nairobi, akasema, imejaa watu wa pwani wanaokumbuka mnazi wa kwao. "Wewe unaandika programu, mjomba wako ni mgema, mimi nashughulikia soko. Mtu anabonyeza simu, analipa kwa M-Pesa, mnazi unapanda basi jioni, asubuhi uko Nairobi. Shida iko wapi?"

Shida iko kwenye hilo neno "asubuhi". Ndilo nataka kulieleza.

Kwanza kwa wasiojua. Kwetu pwani ya Kenya neno mnazi ni la mti na ni la kinywaji pia. Kwenye kamusi utakuta tembo, na ndivyo wasemavyo wenzetu wa Tanzania. Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda huita uchi, na kwao mahari na vikao vya wazee havikamiliki bila huo uchi. Mwanaanthropolojia David Parkin aliandika kitabu kizima juu ya Wagiriama mwaka 1972, na hata kwenye jina la kitabu akaiweka mitende na divai yake pamoja na mashahidi. Nayo mashahidi ni kitu cha maana hapa: ukinywa pombe ya mtu kwenye kikao, umeshuhudia mapatano yake.

Sasa njoo kwetu Tana. Mto unaanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare, unapita kwenye mabwawa ya umeme, unapita Garissa na Hola, ukifika Garsen unalegea na kujitandaza kuwa delta, halafu unaingia bahari ya Hindi karibu na Kipini. Ukiufuata mto kuelekea chini utaona mitende inabadilika. Kwenye misitu ya kandokando ya mto kuna mikindu. Kwenye tambarare kuna mikoma, ile ambayo miyaa yake husukwa mikeka na vikapu. Ukikaribia Ozi na Kipini ndipo unapoona minazi. Watu wa mto huu wamegema mitende ya kila aina, na kila mmoja una pombe yake. Mnywaji mzoefu hahitaji kuambiwa kinywaji kimetoka wapi. Anaonja, anatikisa kichwa, anasema "huu si wa mnazi, huu ni wa mkoma", na mjadala umekwisha.

Mambo haya niliyaona ya kawaida kabisa mpaka nilipofanya kazi na Mfaransa mmoja. Tulikuwa kwenye mradi mmoja, kila mtu na nchi yake, tukijuana kwa barua pepe tu. Siku alipokuja Nairobi alileta chupa fupi, nene, yenye mabega ya mraba, akaiweka mezani kama mtu anayeweka cheti cha kuzaliwa. Lebo ilisema Château-Chalon.

Château-Chalon ni kijiji kidogo juu ya jabali, katika mkoa wa Jura, mashariki mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Uswisi. Mashamba yanayoruhusiwa kutumia jina hilo kwenye chupa ni kama hekta 50 tu. Zabibu inayoruhusiwa ni moja, inaitwa Savagnin. Juisi yake ikishakuwa divai hutiwa kwenye mapipa ya mwaloni na kuachwa. Kuachwa kwelikweli! Watengeneza divai wengine huongezea pipa kila linapopungua ili hewa isiingie. Hawa hawaongezi. Juu ya divai hujitandaza utando wa chachu, kama ule unaouona juu ya maziwa yaliyopoa, na chini ya utando huo divai hukaa miaka sita na miezi mitatu. Kwa muda huo sehemu kubwa hupotea hewani. Wenyewe husema lita moja iliyoingia hutoka sentilita 62, na ndiyo maana chupa yao, iitwayo clavelin, ni ya sentilita 62. Hesabu ya hasara imegeuzwa kuwa kipimo cha chupa. Mimi kama mtu wa hesabu hilo lilinifurahisha hata kabla ya kuonja.

Halafu nikaonja. Nilitegemea kitu kitamu, maana wengi wetu tumezoea divai za sukari. Hakuna sukari hata chembe. Ni kavu, kali, inakamua ulimi. Harufu ya kwanza ni ya njugu zilizokaangwa. Ya pili niliitambua mara moja ingawa nilikuwa mbali na jiko lolote: uwatu. Ndiyo, uwatu huuhuu wa kwenye mchuzi. Baadaye nikasoma kwamba si mawazo tu. Kemikali iitwayo sotoloni, inayoipa mbegu ya uwatu harufu yake, ndiyo hiyohiyo hujitokeza kwenye divai ile baada ya miaka yote chini ya utando. Nilimwambia Mfaransa kwamba divai yao inanuka kama jikoni kwa shangazi zangu siku ya biriani. Alicheka, akasema kwao huinywa na jibini na kuku wa uyoga. Ladha haikuondoka mdomoni. Tulizungumza kama robo saa, na bado ilikuwepo.

Nikamuuliza, kwa nini jina la kijiji linalindwa namna hii? Akanieleza kwamba Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 1935, na mwaka uliofuata, 1936, majina ya kwanza yakaandikishwa, Château-Chalon likiwemo. Maana yake ni hii: jina la mahali ni mali ya mahali. Huwezi kutengeneza divai kwingine ukaiita jina hilo, hata kama una zabibu ileile na pipa lilelile. Na wenyewe wana masharti magumu kuliko unavyofikiri. Kila mwaka kabla ya mavuno kamati huingia mashambani kukagua zabibu. Isiporidhika, mwaka huo hakuna Château-Chalon. Mwaka 1974 haikutengenezwa. Mwaka 1980 pia, 1984 pia, na 2001 pia. Fikiri juu ya hilo. Wakulima walisimama mbele ya mavuno yao wenyewe wakasema, hapana, hii haifai kubeba jina letu.

Ndipo nikaanza kufikiri juu ya Mjomba.

Mjomba ni mgema tangu ujana wake, na mti wake ni mnazi, upande wa chini wa delta. Kazi yake ni hivi. Anapanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina. Juu kileleni anatafuta karara, yaani ganda la ua la mnazi ambalo bado halijafunguka. Analifunga kwa kamba lisipasuke, analiinamisha polepole kwa siku kadhaa, kisha anakata ncha yake kwa kotama, kile kisu cha wagema. Utomvu unaanza kudondoka, naye anatundika buyu chini yake. Asubuhi na jioni anapanda tena, anateremsha kilichopatikana, anakata tena kipande chembamba, chembamba kama karatasi, ili jeraha lisizibe. Mti mzuri humpa lita moja hivi kwa siku, wakati mwingine zaidi. Lakini ua lililogemwa halizai nazi. Kwa hiyo kila buyu la mnazi ni nazi ambazo hazikuzaliwa, na mgema anayejua kazi hupiga hesabu hiyo kila msimu.

Utomvu unapotoka kwenye ua ni mtamu sana, sukari yake ni kati ya asilimia 12 na 17. Lakini hauna nafasi ya kubaki mtamu. Chachu ziko hewani, ziko kwenye ua, na zaidi ya yote ziko ndani ya buyu lililotumika jana. Chachu kuu ni ileile inayoumua mkate na kutengeneza divai ya zabibu. Pamoja nazo kuna bakteria za aina mbili tatu, nyingine zinazofanya uchachu kama wa maziwa ya mgando, nyingine zinazogeuza kileo kuwa siki. Wote hawa huanza kazi kwa pamoja na hawana mtu wa kuwapangia zamu. Kwenye pipa la Jura kazi inakwenda kwa miaka. Kwenye buyu la Mjomba inakwenda kwa saa.

Likizo moja niliamua kukaa naye siku nzima na daftari, nikaonja mnazi uleule wa mti uleule kila baada ya saa mbili tatu. Kazi ngumu, najua. Haya ndiyo niliyoandika.

Saa kumi na mbili asubuhi. Umeshuka sasa hivi. Rangi ni kama maji yaliyooshewa mchele. Utamu unatangulia, kama dafu lililotiwa sukari, kisha harufu ya ua. Povu jembamba pembeni, maana umekuwa ukichachuka usiku kucha bila kumngoja mtu.

Saa tatu. Sukari imeanza kurudi nyuma. Kuna vijipovu vinavyochoma ncha ya ulimi. Harufu ni ya kinyunga cha mandazi kilichoumuka na kusahauliwa karibu na moto.

Saa sita mchana. Hapa Mjomba alinyamaza, akavuta kwa mrija, akasema, "Sasa." Sukari na ukali vimekutana katikati, hakuna anayemshinda mwenzake. Kuna uchachu kidogo kama wa ndimu iliyokamuliwa kwa mbali. Wenyewe unaburudisha, na kileo chake kwa kawaida hakizidi sana cha bia, kama asilimia 4 au 5. Ile divai ya Jura huwa inakaribia 14.

Saa tisa. Utamu umekwenda. Ukwaju umeingia. Wapo wazee wanaotaka huu na si mwingine, na wanawacheka wanaokunywa wa asubuhi kwamba wanakunywa soda.

Saa kumi na mbili jioni. Mkali, unakwaruza koo, na una harufu nzito ambayo mgeni hawezi kuipenda. Mjomba hakuugusa. Alikuwa tayari anapanda kuleta mwingine.

Kesho yake asubuhi. Siki inabisha hodi. Baada ya siku mbili hivi ni siki kamili, na wala haitupwi. Watu wa pwani huitia kwenye achari, na ina ladha kuliko ile ya dukani.

Wa mkoma niliuonja siku nyingine kwa mzee mmoja juu zaidi, karibu na Garsen. Huo kwangu ulikuwa mwembamba mdomoni, una ukakasi kidogo, na utamu wake uliondoka mapema zaidi. Sisemi ni mbaya. Nasema ni mwingine, kama vile divai ya kijiji kimoja si ya kijiji jirani.

Sasa mnaona shida ya rafiki yangu. Kutoka Garsen hadi Nairobi kwa kupitia Garissa ni zaidi ya kilomita 500 za barabara. Mnazi unaopanda basi jioni ni wa asubuhi uliokwisha kuwa mkali, au ni wa jioni utakaochachuka njiani usiku kucha ndani ya mtungi wa plastiki uliofungwa, na anayejua hewa inayotolewa na chachu anajua mtungi huo utafanya nini kwenye buti ya basi. Yule wa saa sita mchana, ambao ndio hasa watu wanaukumbuka, haufiki Nairobi. Hauwezi hata kufika Malindi bila kubadilika tabia.

Rafiki yangu hakukata tamaa. "Basi tuupashe moto, tuue chachu, tuutie chupani." Wazo hilo lina historia nzuri. Aliyelifanya kuwa sayansi ni Louis Pasteur, ambaye alikulia Arbois, mji mdogo katika mkoa huohuo wa Jura. Mwaka 1866 alitoa kitabu chake juu ya divai, akaonyesha kwamba divai huharibiwa na vijidudu na kwamba joto la kiasi linaweza kuwazuia. Na inawezekana kwa mitende pia. Nigeria na Sri Lanka wamewahi kutia pombe ya mitende chupani na kuiuza. Lakini kinachobaki ni picha ya mnazi. Sukari imesimama mahali ulipoikamata, povu limelala, na ladha ya kupikwa imeingia. Kitu kilichokuwa kinakwenda saa kwa saa umekisimamisha dakika moja, halafu unakiuza kana kwamba dakika hiyo ndiyo siku nzima. Na wala mnazi si peke yake wenye tabia hii. Nyanda za juu za Iringa na Njombe, Tanzania, watu hugema mianzi msimu wa mvua wakapata ulanzi, na huo pia ni wa kunywa siku ileile.

Kuna jambo jingine linalonizuia, nalo ni methali ambayo sote tuliifundishwa shuleni: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Walimu wetu walituambia ni methali ya majivuno. Mimi nikiisoma leo naona ni onyo kwa sisi wa mitandao. Mgema anasifiwa, wateja wanaongezeka, mti haujaongezeka. Lita ni zilezile. Zinazokosekana zitatoka wapi? Kisimani. Ukijenga programu inayoleta oda mia kwa mtu mwenye minazi saba, umeagiza maji. Au umeagiza kitu kibaya zaidi, kwa sababu mnazi unagemwa kwenye ua na mti unabaki hai, lakini mkoma na mkindu hugemwa kwenye kilele, pale mti unapoota, na shina linalogemwa hivyo hufa. Mkindu huchipua mashina mengine kutoka kwenye kichaka, lakini unahitaji muda.

Na hapo hatuko peke yetu na mti. Juu ya Garsen, kwenye misitu ya mto, kuna hifadhi iliyotengwa mwaka 1976 kwa ajili ya tumbili wawili ambao hawapatikani kwingine duniani, mangabei wa Mto Tana na mbega mwekundu wa Mto Tana. Mwaka 1992 mtafiti Margaret Kinnaird alichapisha utafiti wake kuhusu mkindu mmoja huo kugombaniwa na watu na mangabei. Watu wanataka pombe, miyaa na nguzo. Mangabei wanataka matunda. Kwa hiyo soko la Nairobi likifunguliwa bila kipimo, wa kwanza kulipa hatakuwa Mjomba. Atakuwa mangabei, kisha kijana wa kesho ambaye angetaka kugema asikute shina.

Halafu ipo sheria. Mwaka 2010 Kenya ilipitisha sheria mpya ya kudhibiti vileo, ikafuta ile ya 1980 iliyopiga marufuku chang'aa. Hilo lilikuwa jambo jema. Pombe ya kienyeji iliingizwa kwenye sheria moja na bia na divai. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa kufikiria chupa. Inataka lebo, inataka onyo la afya juu ya chombo. Kwa leseni ya kawaida ya baa iliweka saa za kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi. Bia haina neno, inaweza kungoja saa kumi na moja jioni ya leo au ya mwezi ujao. Mnazi wa asubuhi ikifika saa hiyo umeshapita ubora wake. Tangu 2013 leseni za vileo ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na nadhani hapo ndipo mtu angeweza kuandika kanuni inayojua kusoma saa ya mnazi. Sisemi watu wanywe asubuhi kisha wapande bodaboda. Nasema kanuni ya kitu ianze kwa kukijua hicho kitu.

Basi nikamwambia rafiki yangu kwamba mnazi haupandi basi, lakini kuna kitu kingine tunachoweza kujenga. Wale wa Château-Chalon walilinda vitu vitatu: mahali, namna ya kazi, na ruhusa ya kusema "mwaka huu hapana". Chupa ilikuja nyuma ya hayo. Sisi tunaweza kuanza na daftari. Kila mti una namba, uko wapi, ni wa aina gani, umegemwa tangu lini, umepumzishwa lini, unashuka saa ngapi. Mtu aliyeko Kipini au Garsen anapata ujumbe mfupi: mnazi umeshuka, njoo kabla ya saa nane. Anayetaka mnazi wa Tana aufuate Tana. Mhandisi yeyote angeandika programu hiyo kwa wikendi mbili, na kweli niliandika ya majaribio.

Mjomba aliisikiliza habari yote kwa upole, kama anavyosikiliza mambo yangu siku zote. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hilo daftari lako, atakayelisoma ni nani?"

Nikaeleza juu ya neno la siri na seva.

"Sikuulizi limefungwa vipi. Nakuuliza, siku wakija wenye bunduki na vitabu vyao kutafuta wauza mnazi, wataanza kwa nani? Leo wanalazimika kuzunguka. Wewe unataka kuwapa orodha."

Wasomaji, nimesoma vitabu vingi vya usalama wa data, na sijaona mahali hoja hiyo imewekwa vizuri zaidi. Kule Jura orodha ya wakulima ni ngao. Anayeandikwa jina lake analindwa na serikali dhidi ya waigaji. Kwetu vilabu vya mnazi vimevamiwa mara nyingi na mitungi kumwagwa, na mgema asiye na leseni anaona orodha kama hati ya kukamatwa iliyoandikwa mapema. Data ni ileile, safu ni zilezile, namba ya mti, jina la mtu, mahali. Inategemea nani yuko upande wa pili wa meza.

Kwa hiyo nimebadilisha muundo. Kwenye programu sasa hakuna majina ya watu wala mahali pa mti. Kuna namba ya mti, aina yake, siku za kugemwa na siku za kupumzika, basi. Namba gani ni mti gani, hilo liko kwenye daftari la karatasi, na daftari liko kwa Mjomba, ndani ya mkoba wa miyaa pamoja na kotama yake. Hakuna nakala kwenye seva. Simu yangu ikiibiwa, mwizi atapata jedwali la miti isiyo na anwani. Ujumbe mfupi hautumwi na programu. Mjomba anautuma mwenyewe kwa watu anaowajua.

Najua hii inavunja karibu kila kanuni niliyowahi kuwaandikia hapa. Haikui. Mjomba akiugua, mfumo umelala. Lakini inatupa kitu ambacho hatukuwa nacho: baada ya msimu mmoja tunaweza kumwonyesha mtu yeyote, pamoja na afisa wa kaunti anayeandika kanuni, kwamba mgema huyu hugema kwa mpango, kwamba miti hupumzika, kwamba mnazi huu una saa zake na una mahali pake. Huo ndio ushahidi ambao watu wa Jura walikuwa nao kabla ya 1936, na bila huo hakuna sheria ambayo ingewaamini.

Swali langu kwenu basi ni hili. Wagema wakiwa kumi, au hamsini, kila mmoja na daftari lake mkobani, tunawezaje kuunganisha hesabu za miti ili delta nzima ijulikane inagemwa kiasi gani, bila mtu yeyote, hata mimi, kuweza kujua mti fulani ni wa nani? Wale mnaojua usimbaji fiche kuliko mimi, nawasubiri. Jibu liwe jepesi. Liweze kufanya kazi kwenye simu ya vibonye, mahali ambapo mtandao hupotea mto ukifurika, kama ulivyofurika 2023 na tena 2024.

Na ukipita Garsen njiani kwenda Lamu, na kama wewe ni wa kunywa, uliza saa kabla ya kuuliza bei.